Bundi wa Nyasini na Itikadi ya Ndege Mbaya

Katika Kiswahili neno ndege lina maana mbili: ni kiumbe mwenye mbawa, na ni fali, kwani msafiri huambiwa amepata ndege njema au ndege mbaya. Waarabu nao neno lao tiyara walilitoa katika tayr, yaani ndege. Zama za Jahiliya mtu akitaka kusafiri alimkurupusha ndege. Akiruka kuumeni huendelea na safari, akiruka kushotoni hurejea nyumbani. Tena walikuwa na itikadi ya hama: mtu akiuawa na kisasi kisilipwe, walidai hutoka kichwani mwake ndege akalia kaburini akitaka kunyweshwa, wala hanyamazi mpaka muuaji auawe. Imam Malik bin Anas ameifasiri hama kuwa ni bundi, ambaye akitua juu ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba hudhani anatangaziwa mauti. Mtume (s.a.w.) ameyakanusha yote mawili, tiyara na hama, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim.

Yasikitisha basi kumwona mtu aliyesali Isha kwa jamaa akirudi kwake, akasikia bundi pajini, moyo wake ukaanza kuhesabu ni nani wa nyumbani atakayekufa. Huyo amempa ndege sehemu katika ilimu ya ghaibu. Akisema, "Mbona fulani alikufa bundi alipolia?" ajibiwe kuwa bundi hulia mausiku mengi, na watu hufa kila siku; usiku uliowafikiana na msiba hukumbukwa, na ule usiowafikiana husahauliwa. Wasiwasi ukimjia mtu bila ya kutaka, huuondoa kwa tawakkul. Ubaya ni kuufuata, akavunja safari au akaokota mawe.

Yuko bundi mmoja ambaye hata uchuro huo haumfikii, kwani hana haja na paa la mtu. Naye ni bundi wa nyasini, ambaye wataalamu humwita Tyto capensis, yaani wa Rasi, tangu alipoelezwa na Andrew Smith mwaka 1834. Watu wa pwani humjua zaidi ndugu yake mwenye uso mweupe, akaaye magofuni. Huyu yuko bara, katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, mpaka Zambia na Afrika Kusini, penye majani marefu, khasa karibu na vinamasi. Urefu wake ni sentimita 34 hadi 42, mgongo wake mweusi wa kahawia, na uso wake una umbo la jani la tambuu. Mchana hulala chini. Hukanyaga majani akafanya vijia vilivyofunikwa juu kwa majani yenyewe, vinavyofika katika kijumba ambamo jike hutaga, aghalabu mayai 3 hadi 5. Huyaatamia siku 32 hivi, na dume humletea chakula.

Usiku hupita chini chini juu ya majani. Kingo za manyoya ya mbawa zake ni laini, zimechanuka mfano wa kitana, hata upepo hupita pasina sauti. Panya hamsikii, naye amsikia panya. Kwa yule ndugu yake wa magofuni imethibitishwa kuwa tundu la sikio moja liko juu kuliko la pili, na kwa tofauti hiyo hujua sauti inapotoka hata katika giza tupu. Chakula chake kikubwa ni panya. Mifupa na manyoya huyatapika madonge, na kwa kuyafumbua madonge hayo ndipo ilipojulikana alacho.

Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mtume (s.a.w.) amewataja wanyama watano wenye madhara, ambao huuawa hata ndani ya Haramu ya Makka: kunguru, mwewe, nge, panya, na mbwa mwenye kuuma. Ndege ni wawili katika hao, na bundi hayumo. Panya yumo. Ampigaye bundi mawe amemwacha aliyetajwa akamshika asiyetajwa, tena amemwondoa mwenye kumpunguza panya saa ambayo mwenye shamba amelala.

Lakini khatari kubwa ya bundi wa nyasini si jiwe, ni moto, pamoja na kukaushwa vinamasi na kulishwa mifugo kupita kiasi. Afrika Kusini, katika orodha iliyochapishwa mwaka 2015, alitiwa miongoni mwa ndege wa kukhofiwa kupotea. Ndege mzima huruka. Kinda hawezi mpaka yapite majuma, wala yai halikimbii. Abu Dawud amepokea kwa Ibn Masud kuwa Masahaba safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu, akaamrisha arudishiwe wanawe. Kisha aliona kichuguu cha chungu kimechomwa, akabainisha kuwa kuadhibu kwa moto hakumpasi ila Mola wa moto.

Kuchoma konde kwa haja ya kilimo si kuadhibu. Walakini mwenye konde yafaa aipite kwanza kwa miguu, atazame vijia vya majani. Akiona mayai au makinda, akiache kipande hicho mpaka waruke, na moto auanzishie upande wa pili.