Ukumbusho ni wa nani? Namna ya kuisikiliza albamu ya marehemu

Kila muhula lazima itokee semina moja ambapo mtu ananyanyuka na kusema msanii fulani "alijitabiria kifo". Safari hii zamu ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe. Mwenzetu alikuwa amesikiliza albamu moja ya mfululizo wa Ukumbusho kwenye simu, foleni ya Mbagala ikampa muda wa kutosha, akaja na hoja kwamba mpangilio wa nyimbo zile unaonyesha mtu anayeaga. Darasa likapenda. Mimi sikukubali, na kwa kuwa muda wa semina uliisha kabla sijafikiwa, naomba niseme hapa.

Tuanze na tarehe, maana ndizo zinazosahaulika. Mbaraka, aliyezaliwa 1944, alijipatia jina na Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Miaka hiyo hiyo ya 70 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajafikisha miaka 35. Albamu za Ukumbusho zilitolewa na Polygram ya Kenya baada ya hapo.

Sasa jiulize: nani alipanga wimbo upi uanze na upi ufunge? Siyo yeye. Wakati wake nyimbo zilitoka mojamoja kwenye santuri ndogo, ile ya kuchezwa upande huu kisha unageuza. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu au nne, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza hapa, ya pili nyuma. Mtu wa ofisini Nairobi ndiye aliyezikusanya baadaye akazipanga. Ndani ya mfululizo huo unakutana na sauti za bendi mbili na za miaka tofauti, zimelazwa pamoja kana kwamba ziliimbwa wiki moja. Ukisoma mpangilio huo kama wosia, unamsoma karani wa kampuni ukidhani unamsoma Mbaraka.

Hata jina lenyewe. Wanaosoma Kiswahili wanisaidie hapa. Tuna "kumbukumbu" na tuna "ukumbusho", na havilingani. Kumbukumbu inakaa na mwenye kukumbuka. Ukumbusho umetoka kwenye kukumbusha, kitenzi cha kusababisha, na kitenzi cha namna hiyo kinadai mtendaji: kuna mtu anayemfanya mwingine akumbuke. Ni neno la kanga ya msibani na la fulana yenye picha ya marehemu. Hakuna mwanamuziki mzima wa afya anayeiita albamu yake Ukumbusho. Jina hilo ni la waliobaki, na kwa upande huu naliona ni jina la kweli: limekiri tangu kwenye kava kwamba anayezungumza na wewe si mwenye nyimbo.

Nilinganishe na wa mbali kidogo. Jeff Buckley, Mmarekani wa magitaa na sauti ya juu, alizama mtoni Memphis Mei 1997. Alikuwa kati ya kuandaa albamu ya pili. Baadhi ya nyimbo alikuwa ameshazirekodi studio na Tom Verlaine, lakini hakuridhika nazo, alitaka kuzirudia upya. Nyingine alikuwa anazijaribu mwenyewe nyumbani kwa mashine ndogo. Mama yake akasimamia, na mwaka 1998 zikatoka kwa jina Sketches for My Sweetheart the Drunk. Jina alilokuwa akilifikiria Buckley ni lile la mwisho tu. Neno la mwanzo, linalomaanisha michoro ya awali, liliongezwa. Kwa neno hilo msikilizaji anaambiwa mapema: usinihukumie mtoto kwa hizi, alikuwa hajamaliza.

Janis Joplin ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Alifariki 4 Oktoba 1970, kabla ya kwenda kuweka sauti kwenye wimbo ambao bendi ilikuwa imeshaupiga. Albamu, Pearl, ilipotoka Januari 1971, wimbo ule uliachwa hivyo hivyo: ngoma, gitaa, kinanda, na hakuna mwimbaji. Hawakumtafuta mwingine aimbe mahali pake. Unasikiliza unafika pale, unasubiri sauti, haiji.

Kuna tofauti ya ufundi hapa, na ndiyo inayonifanya niandike. Bendi zetu za zamani, ziwe zimerekodi Radio Tanzania Dar es Salaam au zimevuka kwenda Kenya, zilipiga pamoja chumba kimoja, maikrofoni chache, mkanda unazunguka. Akikosea mpiga tarumbeta, mnarudia wote. Matokeo yake ni kwamba aliyekuja kukusanya baada ya kifo aliweza kuchagua, kukata na kupanga, lakini hakuweza kumtoa Mbaraka katikati ya gitaa lake. Sauti na ala vilikuwa vimeshaoleana kwenye mkanda.

Leo haiko hivyo. Nenda studio yoyote ya uchochoroni, Tandika, Mburahati, Manzese: chumba kimoja, magodoro ukutani, kompyuta, feni. Sauti inarekodiwa peke yake, ngoma peke yake, kila kitu na faili lake. Mwimbaji akifa, sauti yake inabaki imesimama yenyewe kama shati kwenye enga. Unaweza kuivalisha biti lolote. Unaweza kuirekebisha ipande pale ambapo mwenyewe hakupanda.

Haya siyasemi kwa kubuni. Kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mtu wa gitaa kavu na mashairi, huko huko Temeke. Alipofariki aliacha nyimbo saba kwenye kompyuta ya prodyuza wake. Arobaini ilipopita prodyuza akaja nyumbani kwa heshima zote, akasema anataka kuzitoa, ila mbili hazina ubeti wa mwisho, atamweka msanii mwingine amalizie, na zote aziongezee ngoma zichezeke. Mama mkubwa akasikiliza kimya mpaka mwisho.

"Yeye alitaka ngoma?"

"Mama, hakusema. Lakini hivi sasa ndivyo vinavyoenda."

"Na huo ubeti, atakayesikia atajua si wake?"

Prodyuza hakuwa mtu mbaya, na alikuwa ametumia umeme wake na usiku wake mwingi kwa kijana ambaye hakuwahi kumlipa vizuri. Hilo nalo ni deni. Lakini swali la mama lilikuwa sahihi kuliko yote niliyoyasikia darasani kuhusu mada hii. Hajakataa nyimbo zisitoke. Ameuliza kama msikilizaji ataambiwa. Mpaka naandika, nyimbo hazijatoka, na majadiliano yanaendelea.

Sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haki hiyo inarithiwa. Kumbuka kwamba haki ya aliyetunga wimbo na haki ya aliyeurekodi ni vitu viwili: mwenye studio anaweza kuwa na neno juu ya rekodi, lakini kuwa na faili kwenye kompyuta hakukufanyi mrithi wa mashairi. Wasanii wengi wa mtaani hawajaandika hata karatasi moja kuhusu jambo hili, kwa hiyo siku ya msiba kila mtu anadai kwa mdomo.

Na miaka 50 si mingi kama inavyosikika. Kwa mtunzi aliyefariki 1979 hesabu inaishia 2029. Baada ya hapo, kwa upande wa utunzi, yeyote ataweza kuzichukua nyimbo za Mbaraka, kuzipanga anavyotaka na kuzipa jina jipya, bila kuomba ruhusa kwa watoto wala wajukuu. Mwenzetu wa semina, kama unataka kuandika tasnifu kuhusu kile alichokusudia mwenyewe, anza sasa, tena anza na santuri ndogo mojamoja kabla hujafika kwenye albamu. Wapo wazee wenye santuri hizo kwenye makabati, na baadhi bado wana mashine ya kuzipigia.