Jino Lililomeguka: Je, Kuliziba Kunauma?

Msomaji, ikiwa ulitafuna mahindi makavu jino la mbele likameguka, usikae nalo kwa kuogopa sindano. Daktari wa meno hulitia kiraka chenye rangi ya jino. Mara nyingi sindano haihitajiwi, maana hachimbi ndani: hupaka dawa ya kukwaruza uso wa jino, hubandika kiraka kikiwa laini kama nta, kisha hukigandisha kwa taa ya buluu, sekunde 20 hivi. Jino likiwa limeoza au limevunjika hadi ndani, hapo atakudunga ganzi kwanza.

Ukirudi nyumbani, jino laweza kushtuka kwa chai moto au maji baridi siku chache. Usihofu. Lakini ukifumba kinywa ukaona jino hilo linatangulia kugusa, rudi upesi lisuguliwe. Wengi husema, “Litazoea.” Halizoei, huzidi kuuma. Rudi pia ikiwa maumivu yanakuamsha usiku au ufizi umevimba.

Siku 2 za kwanza acha chai na tumbaku, zisitie kiraka doa (chai ni taabu kuacha, najua). Kiraka hudumu miaka 3 hadi 10, ila si kwa mtu afunguaye chupa kwa meno.