Mhasibu au Mshauri wa Fedha: Mfanyabiashara wa Mpakani Amwendee Nani?

Mfanyabiashara wa mchele hapa Mutukula hushika fedha za nchi mbili kwa siku moja. Hununua kwa shilingi ya Tanzania, huuza kwa shilingi ya Uganda, na katikati humlipa mchukuzi, wakala wa forodha na mwenye ghala. Jioni, ukimuuliza amepata faida kiasi gani, huutazama mkoba kabla ya kujibu. Mtu huyu akiambiwa atafute mtaalamu wa fedha, amtafute yupi? Swali hili latuhusu sisi polisi pia, maana akosaye mlango hapa aweza kuishia kwenye kaunta ya kituo, akiandikisha lalamiko la kutapeliwa.

Mhasibu hushughulika na yaliyokwisha kutendeka. Hukusanya stakabadhi na hati za forodha, huandika mauzo na manunuzi, huhesabu mali iliyobaki ghalani na madeni yasiyolipwa, kisha huandaa ritani ya kodi. Mshauri wa fedha hutazama mbele: akiba iliyozidi mahitaji ya biashara iwekwe wapi, katika hatifungani za serikali, mfuko wa uwekezaji wa pamoja au bima, na ada za watoto zitatoka wapi miaka kumi ijayo.

Kwa mwenye biashara, rai yetu ni kwamba aanze kwa mhasibu. Mshauri asiyeonyeshwa vitabu hushauri gizani. Tena daftari lenyewe lina thamani. Kwa viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza kutumika Uganda mwaka 2020, mwenye mauzo ya shilingi milioni 40 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 200,000. Mwenzake mwenye mauzo hayo hayo, lakini anayetunza kumbukumbu, hulipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kile kinachozidi milioni 30, yaani jumla ya 130,000. Kweli, shilingi 70,000 zilizookolewa hazitoshi kumwajiri mhasibu wa kila mwezi, wala duka la ukubwa huo halimhitaji. Yatosha ampangie mwenye duka vitabu mara moja na kuvipitia mwisho wa mwaka. Uandishi wa kila siku waweza kufanywa na kijana wa nyumbani aliye mwangalifu.

Wapo wasiofuata mpangilio huu. Waliolipwa fidia katika wilaya za Kyotera na Rakai kwa kupitiwa na bomba la mafuta liendalo Tanga, au mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, wana fedha nyingi kwa mara moja na hawana biashara ya kuhesabiwa. Hao waende moja kwa moja kwa mshauri, na wamwulize mapema: wewe walipwa na nani? Anayelipwa kamisheni na kampuni ya bima ni muuzaji wa bima hiyo, hata akijiita mshauri. Si kosa kuuza, ila mnunuzi ana haki ya kujua.

Hati zao nazo zikaguliwe. Nchini Uganda wahasibu husajiliwa na taasisi yao, ICPAU, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013, na washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Upande wa Tanzania kuna Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Leseni ya kushauri iliyotolewa upande mmoja wa mpaka haimpi mtu ruhusa upande wa pili, na matapeli hupenda kuutumia mwanya huo: akiulizwa huku, husema amesajiliwa kule.

Kipimo kingine hakihitaji hati yoyote: fedha zaingia mikononi mwa nani? Kodi ya Uganda hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo itolewayo na Mamlaka ya Mapato, URA. Mhasibu akuandalie namba hiyo, ulipe mwenyewe. Anayetaka umkabidhi fedha taslimu za kodi, mwepuke. Mshauri naye hushauri tu. Akiba yako iende kwenye akaunti iliyo kwa jina lako. Mwaka 2019 mjini Masaka, kwenye barabara hii hii ya Mutukula, kampuni ya Dunamiscoins iliahidi faida ya asilimia 30 na zaidi kwa muda mfupi. Maelfu walitoa fedha, na mwezi Desemba ofisi ikafungwa.

Aliyekwisha kutoa fedha na kuanza kushuku asingoje tarehe ya malipo aliyoahidiwa. Afike kituoni mara moja na stakabadhi, namba za simu zilizotumika na ujumbe wote aliotumiwa, pasipo kufuta hata mmoja.