Mwizi Aliye Ndani ya Paipu



Wakati mmoja niliitwa na kikundi cha akina mama wanaouza maji kwa kioski ya kijiji. Mita ilionyesha maji mengi kuliko pesa zilizokusanywa. Mweka hazina alikuwa ameshanyang'anywa ufunguo. Tulipitia daftari lake mpaka jioni, na hesabu ilikuwa sawa. Ndipo mzee mmoja jirani akauliza, "Mbona nyasi za pale kwa uzio ni kijani na mvua haijanyesha?" Tukachimba. Mwizi alikuwa paipu.

Somo letu basi ni hili: kabla ya kumshuku mtu, pimeni maji.

KUPIMA
Jioni fungeni mifereji yote, hata maji yanayoingia kwa tangi. Andikeni namba zote za mita. Asubuhi, kabla mtu hajateka, someni tena. Zikiwa zimesonga, kuna mahali panavuja. Fuateni njia ya paipu mkitafuta udongo wenye unyevu, nyasi za kijani, au kutu kwenye maungio.

HASARA
Tegeni kopo la lita 1 chini ya tone. Likijaa kwa dakika 10, mnapoteza lita 144 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya mitungi 7 ya lita 20! Kwa siku 30 ni mitungi 216. Zidisheni kwa bei yenu ya mtungi, halafu mwambiane ukweli.
Tena kuna hatari nyingine. Maji yakikatika, uchafu wa nje hunyonywa ndani kupitia tundu lile lile.

KUTENGENEZA
Kwanza funga valvu kubwa karibu na mita, kisha fungua mfereji ulio chini kabisa maji yaishe.

(a) Mfereji unadondoka hata ukifungwa: washa imekwisha. Usiukaze kwa nguvu, utauharibu. Fungua kichwa chake kwa spana, weka washa mpya ya kipimo kile kile.

(b) Maungio ya chuma yanavuja: anza kufungua kwenye yunioni iliyo karibu. Safisha meno ya paipu, zungushia tepu nyeupe ya mafundi ukifuata upande wa kukaza, halafu rudisha.

(c) Paipu ya chuma imetoboka: funika tundu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kaza klampu juu yake. Lakini hii ni huduma ya kwanza tu. Palipoliwa na kutu, chuma cha kando pia kimekonda. Fundi akate kipande hicho aweke kipya.

Ukimaliza, fungua valvu polepole, angalia kama panakauka, na umwage maji ya kwanza yenye matope. Usiku huo someni mita tena.

Mweka hazina yule alirudishiwa ufunguo mbele ya mkutano. Paipu ilitengenezwa kwa saa mbili. Moyo wake ulichukua miezi.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ni wangapi kati yetu wanajua valvu kubwa iko wapi?
2. Nani atasoma mita, na siku gani?
3. Je, tumewahi kumlaumu mwenzetu kabla ya kupima? Tufanye nini sasa?