Tafuta shule kwanza, dalali baadaye

Dalali wa Mwananyamala atakuonyesha chumba na sebule, atakusifia maji ya Dawasa na luku ya kujitegemea, na ukimuuliza shule atanyoosha mkono: "Ipo hapo tu, bosi." Hilo "hapo tu" lipime kabla hujatoa kodi ya miezi sita na ya mwezi mmoja wa dalali.

Anza na matokeo. Tangu mwishoni mwa 2022 Baraza la Mitihani (NECTA) limeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, na kwa mpangaji hilo halina hasara, kwa sababu matokeo ya kila shule bado yako bure kwenye tovuti ya NECTA. Fungua ya darasa la saba, chagua Dar es Salaam, kisha Kinondoni. Mtihani una masomo sita yenye alama 50 kila moja, kwa hiyo wastani wa shule husomwa juu ya 300. Soma miaka mitatu mfululizo, na usiangalie wastani peke yake. Shule ya kulipia yenye watahiniwa 25 ikipata 220 na ya serikali yenye watahiniwa 180 ikipata 170, ya pili huenda ndiyo yenye walimu wanaotoka jasho zaidi. Hesabu waliopata D na E ni wangapi. Kisha fungua matokeo ya darasa la nne, maana yako karibu zaidi na umri wa mwanao.

Hata hivyo karatasi hizo zinasimulia watoto walioanza miaka mingi iliyopita. Mwalimu mkuu aliyewafikisha pale huenda keshahamishwa. Kwa hiyo nenda shuleni mwenyewe, siku ya kazi, mara ya kwanza saa moja asubuhi na mara ya pili kwenye saa sita au saba mchana. Uliza darasa la kwanza lina watoto wangapi na mikondo mingapi. Kigezo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na mjini utakuta darasa lililopita hapo kwa mbali. Angalia vyoo. Uliza kama wanasoma kwa zamu, kwa sababu mtoto anayetoka kabla ya adhuhuri au anayeingia mchana anahitaji mtu mzima nyumbani. Ada haipo tangu Januari 2016, lakini uliza pia hela ya uji, ya mitihani ya majaribio na ya twisheni. Ukimaliza ofisini, msalimie mama anayeuza vitumbua getini, nunua viwili, umuulize walimu huwahi saa ngapi. Mimi namwamini kuliko bango la ukutani.

Shule ikikuridhisha, sasa tembea. Usipande boda. Toka getini kwa mwendo wa mtoto wa miaka sita mwenye begi, na pale utakapohisi amechoka ndipo mpaka wako wa kutafuta nyumba. Kabla ya umbali, angalia barabara: chumba kilicho dakika ishirini kwa vichochoro ni bora kuliko cha dakika nane kinachomlazimu mtoto kuvuka Barabara ya Kawawa peke yake, yanakopita mabasi ya mwendokasi ya Magomeni hadi Morocco. Taasisi ya Amend ilipata Tuzo ya WRI Ross mwaka 2019 kwa kazi iliyoifanya kuzunguka shule za Afrika, zikiwemo za Dar es Salaam, na kazi yenyewe ilikuwa njia za miguu, matuta, vivuko, na mara nyingine kulihamisha geti lisitazame barabara kuu. Vitu hivyo ndivyo vya kutafuta kwa macho njia nzima.

Tazama pia maji. Mto Ng'ombe unapita Tandale na Mwananyamala kuelekea Msimbazi, na kivuko kikavu cha Agosti si kile cha Aprili. Soma alama za maji kwenye kuta za nyumba zilizo bondeni, na waulize wapangaji, si mwenye nyumba, masika iliyopita watoto walipita wapi.

Usitegemee daladala. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na kila konda anajua kiti hicho kingemlipa zaidi akikaa mtu mzima; asubuhi utaona watoto wameachwa kituoni basi lina nafasi.

Kwa wanaolipia inglishi midiamu hesabu ni nyingine. Basi la njano hufika mlangoni, kwa hiyo omba mzunguko wake: anayechukuliwa wa kwanza huamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili azungushwe mji mzima. Panga upande ambao basi hupita mwishoni. Tuseme nyumba ya mbali ina nafuu ya 60,000 kwa mwezi na usafiri wa shule ni 50,000. Umeokoa elfu kumi kwa usingizi wa mtoto.

Kununua kiwanja au nyumba kwa ajili ya shule ya msingi siungi mkono. Mtaala mpya ulioanza 2024 unaipunguza elimu hiyo hadi miaka sita, nyumba utakaa nayo miaka arobaini. Panga kwanza mwaka mmoja. Hati na majirani utavichunguza ukiwa ndani ya mtaa.

Kodi yako iishe Juni au Desemba, pamoja na muhula, ili mwenye nyumba akipandisha bei Machi isikuguse wewe. Kwa anayeanza darasa la kwanza, fika kwa mwalimu mkuu na cheti cha kuzaliwa uandikishaji unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Kwa anayehama, namba yake ya usajili wa mwanafunzi (PREM) na barua ya uhamisho zishughulikiwe kabla hujalipa kodi mpya. Na mwenye mtoto wa darasa la nne au la saba angoje mtihani wa taifa upite, ndipo apakie vyombo.