SOMO LETU: MOSHI MWEUPE WA MABATI



Sisi tunaochomelea mabati hapa Buterere yatupasa kujua jambo hili. Bati hupakwa zinki lisishike kutu. Zinki huchemka kwenye digrii 907, chuma huyeyuka karibu na 1500. Basi zinki hugeuka mvuke kwanza. Hata viwanda vya magari vinavyounga mabati kwa mwali wa leza huacha upenyo mwembamba kati yake. Mvuke ukikosa njia, kiungo huwa na vitundu.

Moshi huo tukiuvuta, jioni hutujia homa na kutetemeka, mithili ya malaria. Maziwa hayauzuii. Tukwangue zinki kwanza, tuchomelee penye hewa, tudai barakoa za kuchuja moshi. Homa ikitushika, tupimwe malaria, na tumweleze mganga kazi tuliyofanya.