SOMO LA LEO: MANENO YA STENDI NA MAEGESHO



Mtu akishuka kutoka Matombo, Kinole au Mgeta kwenda mjini Morogoro, hukutana na maneno mengi yaliyoandikwa barabarani na stendi. Herufi anazijua, na neno analisoma. Lakini asipojua maana yake, neno hilo halimsaidii kitu. Penye magari, neno usilolielewa linaweza kukutoa roho. Basi leo tujifunze maneno machache ya namna hiyo.

KUSIMAMA NA KUEGESHA

Gari likisimama kidogo ili abiria ashuke, hapo limesimama tu. Dereva akiliacha mahali kwa muda, ameliegesha, au kama wengi wetu tunavyosema, amelipaki. Mahali palipotengwa kwa kazi hiyo huitwa maegesho.

Ukisoma USIEGESHE HAPA, maana yake gari lisiachwe hapo hata kama nafasi ipo. Kwa nini? Kwa sababu gari lililoachwa kando ya barabara huziba macho. Mtoto anayetokea mbele ya lori lililoegeshwa haoni gari linalokuja, na dereva hamwoni mtoto. Wakija kuonana, breki haisaidii tena.

STENDI

Barabara itokayo Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita 190, hufika Msamvu na hapo hugawanyika. Moja huenda Dodoma, na nyingine huenda Iringa kupitia Mikumi. Stendi kubwa ya mabasi ya Morogoro iko hapo hapo Msamvu.

Stendi iliyopangwa vizuri hutenganisha vitu vitatu: magari yanayotembea, magari yaliyoegeshwa, na watu waendao kwa miguu. Ndiyo sababu ya maneno INGIA na TOKA. Magari yakiingia kwa njia moja na kutoka kwa nyingine, hayakutani uso kwa uso.

Tuangalie hasa basi linaporudi nyuma, yaani rivasi. Mama aliyeinama nyuma ya basi akifunga tenga lake la ndizi haonekani kwenye kioo cha dereva. Kwa hiyo tusipumzike, tusifunge mizigo, wala tusikatishe nyuma ya basi, hata kama limezima injini.

KUVUKA

Mahali penye milia myeupe ni kivuko cha waendao kwa miguu. Hapa Tanzania magari hupita kushoto. Kwa hiyo unapotaka kuvuka tazama kulia kwanza, halafu kushoto, halafu kulia tena. Mzunguko, ambao wengi huuita kipilefti, ni mahali ambapo magari huzunguka kisiwa kilicho katikati. Usikatishe katikati yake, tafuta kivuko.

KUEGESHA MLIMANI

Kwetu Uluguru barabara ni za miteremko. Breki ya mkono peke yake haitoshi. Dereva aache gari kwenye gia, akunje magurudumu ya mbele yaelekee kwenye ukingo wa mlima, kisha aweke kabari, yaani gogo au jiwe la kuzuia gurudumu. Akiondoka, jiwe hilo aliondoe barabarani. Jiwe lililookoa gari moja mchana linaweza kumwangusha mtu wa pikipiki usiku.

MAEGESHO YA GULIO LETU

Mambo haya si ya mjini tu. Siku ya gulio kijijini malori ya kabichi, pikipiki na watu hubanana njia moja. Kijiji kinaweza kupanga maegesho yake kwa kamba, vigingi na mawe yaliyopakwa chokaa. Gari dogo lipewe nafasi ya upana wa mita 2 na nusu na urefu wa mita 5. Hatua moja kubwa ya mtu mzima ni karibu mita 1. Lori lipewe nafasi kubwa zaidi, na pikipiki ziwe na sehemu yake. Kila gari liegeshwe likitazama njia ya kutokea, ili lisirudi nyuma kati ya watu. Wenye kupanga bidhaa chini wakae mbali na njia ya magari.

NENO LA MWISHO: HATARI

Neno hili huandikwa kwenye malori ya mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapo Msamvu. Watu walikimbilia kuchota mafuta, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki. Moto ukalipuka, na watu wapatao 100 wakafariki, wengine papo hapo na wengine baadaye hospitalini.

Mvuke wa petroli hutambaa chini na macho hayauoni. Cheche moja tu ya injini au sigara inatosha kuuwasha. Gari la mafuta likianguka, ondoka, zuia wenzako wasisogee, na waite polisi au zimamoto. Dumu la mafuta ya bure halina thamani ya mtu mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kusimama na kuegesha kuna tofauti gani?
2. Kwa nini ni hatari kupita nyuma ya basi?
3. Kwa nini kabari iondolewe barabarani?
4. Gulio la kijiji chenu lina maegesho? Kama halina, yawekwe wapi, na nani aanze kazi hiyo?